Ulimla Nani?

Kabla ya Jumamosi ile, hakuna mwanamke aliyewahi kusimama mbele ya kiti cha Jeannine pale Jeppestown akaomba arudishiwe nywele zake zilizoanguka chini. Nywele zilikuwa takataka tu. Jeannine alizifagia jioni, akazitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na maganda ya ndizi, basi, habari imekwisha. Halafu mumewe akapata kazi nzuri.

Kazi yenyewe ilikuwa mieleka. Msicheke. Ruphin alikuwa mpiganaji wa kachi, kama Wakongo wanavyoiita mieleka ya ulingoni, na mwili alikuwa nao: shingo nene, mapaja yaliyochana suruali mbili kwa mwaka. Lakini tangu aingie Johannesburg, miaka miwili, alikuwa anaangushwa bure. Mchana alilinda magari kwenye maegesho ya duka. Akitoka huko alifanya mazoezi kwenye karakana ya zamani iliyotandikwa magodoro. Mwisho wa wiki alipanda ulingo wa kuhamahama, akatangazwa kwa jina lolote lililomjia mtangazaji, na baada ya hapo akapewa sahani ya pap, ugali wa huku, na kipande cha kuku. Aliyelisha nyumba alikuwa Jeannine. Kodi ya chumba, ada ya binti yao Héritière, unga, umeme, vyote vilitoka kwenye vidole vyake kumi vilivyosuka nywele, chini ya turubai, pembeni ya spaza, kiduka cha Msomali. Hilo lijulikane mapema, maana ndilo lililowekwa rehani, na wenyewe hawakujua.

Mtu aliyempa Ruphin kazi alikuwa Mkenya, Njoroge, bwana wa matangazo ya biashara katika ofisi moja ya vioo kule Sandton. Mieleka ilikuwa shughuli yake ya pembeni. Alimwita Ruphin ofisini siku ya Jumatano. Mlinzi wa mlangoni akamtazama Ruphin juu hadi chini, akamwelekeza mlango wa mizigo. Akapanda juu kwa lifti pamoja na maboksi ya karatasi.

"Sikiza, buda," Njoroge alisema, miguu juu ya meza. "Mwili uko nao. Sura uko nayo. Shida yako moja, hauna story. Ukipanda ring watu wanaona tu mtu mkubwa. Wanaenda kununua chips."

"Nifanye je sasa?"

"Watu wa huku wakisikia Kongo wanafikiria nini? Juju, bana! Nimeona video za huko kwenu. Wale wapiganaji wa dawa, wale wanatoa nyoka kwa kaptura. Watu wanapenda hiyo kitu mbaya sana."

Ruphin akanyooka kitini. "Bwana Njoroge, hapana. Kwetu kachi iko mbili. Kuna ya dawa na kuna ya kisasa, moderne. Mimi nilikuwa moderne. Wale wa dawa tulikuwa tunawacheka."

"Na leo nani anacheka? Wao wako na watazamaji milioni. Wewe unalinda Toyota ya watu."

Chini huko, magari ya Sandton yalisimama kwenye robot, taa za barabarani, mekundu, meusi, yote mapya.

"Mimi ni Mkristo," Ruphin alisema. "Bibi yangu anaimba kwaya."

"Kwani mimi ni nani? Jumapili niko kanisani na watoto, mbele kabisa. Hii ni kazi. Kazi ni kazi, si dhambi." Njoroge alifungua droo, akatoa fuvu la mbuzi lililopigwa vanishi, akaliweka mezani taratibu. "Jumamosi, Diepsloot, saa nane mchana. Unavaa nyasi, unajipaka majivu, unasema maneno yako ya uchawi, Themba anakuangusha. Watu wakipandwa na moto, nakupa mkataba. Shoo kumi, na kamera."

Shoo kumi na kamera. Ruphin alirudi na fuvu ndani ya mfuko wa duka, ameufunga mara mbili ili abiria wenzake wasione pembe.

*

Jeannine alipoliona aliweka mkono mdomoni, kisha akacheka hadi machozi. "Yesu wangu! Papa Héritière, ndiyo umekuwa nganga?"

"Usicheke. Wanataka niseme na maneno. Ya uchawi. Mimi nayajua wapi?"

Kicheko kikakatika. Jeannine alikuwa mtoto wa katekista wa Uvira, mambo ya pepo hakuyafanyia mzaha. "Usitaje pepo lolote. Hata kwa mchezo. Ukiliita linaweza kuja."

"Basi nitasema nini? Nikinyamaza Njoroge atanifukuza."

Jeannine akafikiri, sindano ya kusukia ikiwa bado mkononi. Na wazo likamjia, wazo zuri kabisa, la mke anayempenda mumewe. "Omba," alisema. "Omba tu, kwa Kiswahili, harakaharaka, na macho uyageuze. Mungu anasikia Kiswahili. Wale hawasikii."

Wote wawili wakaliona jambo limekwisha. Walisahau kwamba Diepsloot imejaa maduka ya spaza, na nyuma ya kaunta za spaza wako watu wa kila nchi.

*

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Themba, fundi wa kuchomelea vyuma hapohapo Jeppestown, aliingia kwa nyimbo na vigelegele, amejifunga bendera. Ruphin aliingia na fuvu. Majivu yalimwasha machoni. Kabla hajafika ulingoni alishapigwa na ganda la chungwa na chupa ya plastiki, na kelele ilikuwa moja: "Hamba, kwerekwere! Hamba!" Toka, mgeni wewe. Mieleka ni igizo, kila mtu mle ndani alilijua hilo. Ila neno lile halikuwa igizo. Ruphin alikuwa ameambiwa neno hilohilo Jumatatu kwenye maegesho ya magari, na aliyemwambia hakuwa amekata tiketi.

Akapiga magoti katikati ya ulingo, akainua fuvu juu, akageuza macho, akaomba.

"Bwana Yesu nisamehe! Bwana Yesu unaniona! Unajua mtoto anataka kula, unajua bibi amechoka vidole! Usinihesabie hili fuvu, Baba, siyo langu, ni la Njoroge! Nisaidie wanipe mkataba, Bwana Yesu, nipe mkataba!"

Ukumbi ulipiga mayowe ya hofu na furaha. Wanawake walijifunika nyuso kwa viganja, wakachungulia kwenye matundu ya vidole. Themba alimwinua, akamkamata mkono na kuubinya mara mbili, yaani uko sawa? Ruphin akabinya mara moja, niko sawa. Dakika tisa baadaye akaanguka kwa mgongo kwa kishindo kilichotikisa taa. Hakuna kazi Ruphin aliyoijua kama kuanguka. Nyumbani alifundishwa kuanguka miezi minne kabla ya kufundishwa kumgusa mtu.

"Eish, my brother, pole neh," Themba alimwambia bafuni, akimsaidia kutoa majivu masikioni. "Wamekuchukia vizuri sana leo."

Njoroge alimpiga begani. "Sharp! Umeua, buda. Mkataba unakuja wiki ijayo."

*

Video ilifika Jeppestown kabla ya Ruphin mwenyewe. Jamaa wa spaza mmoja, Mburundi, alikuwa ameirekodi, na kwa sababu alisikia kila neno, aliituma na maelezo yake: Mchawi wa Kongo analitaja jina la Yesu akiwa ameshika fuvu. Ingekuwa amesema maneno ya kipumbavu yasiyo na maana, watu wangecheka. Kosa lake lilikuwa kusema ukweli wa moyo wake.

Jumatatu asubuhi Rispah, Mkenya aliyefanya kazi ya kulea watoto wa watu, alikuwa kitini kwa Jeannine, nusu ya kichwa imesukwa. Simu yake ikalia. Akaitazama, akaitazama tena, akaigeuza kifudifudi pajani.

"Malizia haraka, dada," alisema.

"Kuna mtu mgonjwa?"

"Malizia tu."

Jeannine alimaliza. Rispah akasimama, akalipa, halafu mtu mzima yule na sketi yake nzuri akachutama chini ya kiti, akaanza kuokota nywele zake. Moja moja. Akazikusanya kwenye karatasi, akazikunja na kuzitia ndani ya sidiria.

"Rispah, unafanya nini?"

"Usikasirike, Mama Héritière. Ni vile mtu hajui."

Jumanne walikuja wawili, na mmoja alikuja na ufagio wake. Ufagio wake, jamani! Jumatano alikuja mmoja, naye alitaka kujua tu kama nusu ya malipo ya rasta aliyotanguliza inaweza kurudishwa. Alhamisi kiti kilikaa kitupu tangu asubuhi, na Jeannine alikipangusa vumbi mara sita ili watu wanaopita wamwone ana shughuli. Kiongozi wa kwaya akapiga simu kwa sauti tamu kumwambia apumzishe koo lake wiki kadhaa. Koo halikuwa linauma. Mtu anayesuka watu anaachiwa kichwa, na kichwa mtu hamwachii mke wa mchawi.

Aliyebaki alikuwa Mama Sagesse peke yake. Mama huyu aliuza ndagaa wakavu ng'ambo ya barabara, mwanamke mfupi wa maneno machache, mtu wa Kivu kama wao. Ijumaa alivuka, akakaa kitini, akafungua kilemba.

"Suka."

"Mama, umeona video?"

"Nimeiona. Mtoto wa watu anaomba mkataba kwa Mungu, wanasema anaroga." Akasonya. "Suka, mama. Zangu zina mvi, mchawi gani atazitaka?"

Jeannine alisuka akilia kimya, machozi yakidondoka kwenye utosi wa mama wa watu. Kazi ilipokwisha Mama Sagesse akalipa, akajifunga kilemba, na nywele zake akaziacha palepale chini. Jeannine hakuwahi kupewa zawadi kubwa kama ile.

*

Mchungaji Ignace wa kanisa lao alikuja mwenyewe chumbani kwao Ijumaa hiyohiyo, alasiri, akakaa kwenye kitanda kwa kuwa viti havikuwepo. Hakuwa mtu mbaya, na ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa. Aliamini kila alichosema.

"Siko mchawi, Pasta," Ruphin alisema. "Ile ni kazi. Yote tunapatana kabla. Hata nani ataanguka tunapatana."

"Fuvu lilikuwa la kweli?"

"La mbuzi."

"La kweli?"

"...La kweli."

"Basi." Mchungaji akafungua mikono. "Ndugu, ukisimama mbele ya watu ukasema 'si kweli', nani atakuamini? Mchawi gani anakubali? Lakini ukisema ulinaswa, ukafunguliwa mbele ya wote, watafurahi. Watu wanasahau dhambi iliyotubiwa. Iliyokataliwa hawaisahau. Njoo Jumapili."

Alipotoka, Ruphin alipiga ukuta kwa ngumi. "Nitubu nini? Niseme mimi ni mchawi, na siko? Mbele ya Mungu?"

"Mbele ya wateja wangu," Jeannine alisema.

"Njoroge ataleta mkataba. Tutakula."

"Lini? Wiki ijayo. Kila siku wiki ijayo!" Sauti yake ilipanda, Héritière akaacha kuandika kazi ya shule. "Miaka miwili umeangushwa na kila mtu katika mji huu. Umeangushwa kwa sahani ya pap. Umeangushwa kwa ajili ya Themba, kwa ajili ya Njoroge. Mimi sijawahi kukuomba kitu. Anguka mara moja kwa ajili yangu."

Ruphin alimtazama mkewe, vidole vyake vilivyoanza kukauka kwa kukosa mafuta ya nywele za watu. Akavuta suti yake ya harusi kutoka chini ya kitanda. Na tuseme ukweli, jibu jingine lilikuwa lipi?

*

Kanisa lilikuwa ghorofani, juu ya karakana ya matairi. Jumapili ile watu walisimama hadi kwenye ngazi. Njoo uone mchawi akifunguliwa, nani angekosa? Rispah mwenyewe alikuwepo ingawa lile halikuwa kanisa lake. Simu zilikuwa juu tangu wimbo wa kwanza.

Ruphin aliitwa mbele. Alivaa suti ya harusi, imembana mabega. Mchungaji Ignace akamwekea mkono kwenye paji la uso, akakemea, kusanyiko likakemea pamoja naye, na Ruphin alijua kabisa lini aanguke. Kila umati una pumzi yake, mtu wa ulingoni anaisikia. Akangoja ipande, ipande, ikafika juu, ndipo akaanguka. Kwa mgongo, mikono imetanuka, kidevu kifuani. Sakafu ikalia. Akatetemeka mguu mmoja, kidogo tu, akaacha.

Kanisa likalipuka. Vigelegele, ngoma, akina mama wakikumbatiana. Jeannine alisimama mstari wa tatu akapiga makofi, na mwanamke wa pembeni yake, aliyekuwa na ufagio wake Jumanne, akamshika mkono akaubana. Ni mkono wa mteja. Jeannine aliusikia hadi moyoni. Mungu wangu, alijisemea, imekwisha, tumepona.

"Bado!" Mchungaji Ignace akainua mkono. Kelele zikashuka. Alikuwa anatokwa jasho, macho yake yana huruma. Akachutama, akaweka kipaza sauti mdomoni mwa Ruphin. "Pepo wa kula watu hatoki mpaka aseme alichokula. Ndugu, sema uwe huru. Ulimla nani?"

Hili hawakupatana. Ruphin alifungua macho. "Nani?"

"Ulimla nani? Taja jina."

"Taja! Taja!" kusanyiko likaitika.

Akiwa chali vile, mwanamume huyu alipekua marehemu wake wote. Mama yake? Hapana, angekatwa ulimi kwanza. Kaka yake? Video ingefika nyumbani kabla ya jioni. Jeannine alikuwa anamtazama, viganja vimekutanishwa, anamsihi. Ngoma zilikuwa zinangoja. Basi akafanya kama anavyofanya ulingoni mpinzani anaposahau zamu yake, akabuni. Akatafuta jina ambalo ukoo wao haukuwa nalo, wala ukoo wa Jeannine, jina lisilo na mtu.

"Alexis," alisema.

Mjinga wewe, Ruphin. Mbele ya watu waliotoka Kivu! Taja jina lolote pale, taja hata la mbwa, yupo atakayesimama.

Aliyesimama alikuwa Mama Sagesse.

Hakupiga kelele. Alitoka kwenye benchi la nyuma, akapita kati ya watu mmoja mmoja, "samahani, samahani," mpaka mbele. Kilemba chake kilikuwa kimelegea. Hakuna aliyeelewa bado. Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto, na wote walimjua kwa Sagesse, binti yake anayefanya usafi kwenye hospitali. Hawakujua kwamba Sagesse ni wa pili. Mwanamke huyu alikuwa na jina jingine kabla, na siku alipovuka mpaka aliliacha, kwa sababu kila alipoitwa alikuwa anageuka kumtafuta mwenye jina.

"Alexis gani?" aliuliza.

Ruphin akainuka kwa kiwiko. Akaona uso ule, na damu yote ikamkimbia. "Mama..."

"Jibu, ndugu," Mchungaji alisema.

"Alikuwa na miaka kumi na minne," Mama Sagesse alisema. "Alipanda lori kwenda kwa shangazi yake, njia ya Fizi. Lori walilisimamisha watu wa bunduki. Wengine walirudi. Huyo ndiye?"

"Mama, nilidanganya. Hakuna Alexis. Nilisema tu jina, nilisema lililokuja mdomoni. Siko mchawi mimi, ninacheza mieleka, Jeannine, waambie!"

"Amerudiwa!" mtu akapaza sauti. "Pepo amerudi!"

"Pasta, mwambie asinifiche," Mama Sagesse alisema. Alikuwa amemshika Ruphin ukosi wa koti, si kwa hasira, bali kama mtu anavyomshika mwenzake asianguke. "Miaka kumi na moja. Sijakasirika, baba. Ulikula, umekula. Niambie tu yuko wapi."

Mkono uliokuwa umeubana mkono wa Jeannine haukuwepo tena. Mstari wa tatu wote ulikuwa umesogea.

*

Wiki iliyofuata hakuja mtu kusuka, hata wa kuuliza bei. Msomali wa spaza alimwomba Jeannine, kwa heshima zote, asogeze turubai lake hatua chache, wateja wake wanaogopa kupita. Akasogeza. Kesho yake akaomba tena, akasogeza tena, mpaka kiti kikafika mbele ya ukuta wa kiwanda kilichofungwa, mahali ambapo hata mbwa hawapiti. Shuleni Héritière aliambiwa akae peke yake. Alirudi akasema kwa Kizulu chake chepesi kwamba yeye hataki kuitwa Héritière tena, anataka Thandi.

Njoroge alipiga simu Jumanne, sauti inacheka. "Buda! Ile ya kanisa nani alikuandikia? Imefika mpaka kwa wadhamini. Wewe ni noma. Kamera zinataka wewe tu. Kuja usaini."

"Ile haikuwa shoo."

"Eeh, hivyo hivyo! Endelea kusema hivyo hivyo."

Akaenda akasaini. Angefanyaje? Vidole vilivyokuwa vinawalisha vilikuwa vimelala mapajani. Alipitia mlango wa mizigo.

Na kila siku alimkuta Mama Sagesse. Alikuwa ameacha ndagaa wake ng'ambo ya barabara, amekaa kwenye kiti cha Jeannine, mikono imefungwa, anangoja. Jumatatu Ruphin alimwapia kwa jina la Mungu. Jumanne alimwapia kwa jina la mtoto wake. Jumatano alipiga magoti barabarani, mtu wa kilo mia moja na kumi, akamwonyesha video kwenye simu, hii ni kamba, hii ni rangi, hapa Themba ananibinya mkono. Mama Sagesse aliitazama yote hadi mwisho, kwa adabu.

"Ndiyo, baba," alisema. "Sasa niambie yuko wapi."

Alhamisi aliporudi, Jeannine alimkabili kabla hajafika kwenye kiti. Alikuwa amekonda. Aliongea chinichini.

"Mwambie mahali."

"Jeannine! Mahali gani? Mimi sijui kitu!"

"Mahali popote. Hali, halali. Jana amekaa hapa kwenye mvua." Alifuta uso kwa kitenge. "Sisi tumekwisha, Papa Héritière. Hata ukikataa miaka mia, tumekwisha. Lakini ni yeye peke yake aliniachia nywele zake. Mwambie."

Ruphin alikwenda akachutama mbele ya kiti. Ulingoni alijua kudanganya watu elfu moja. Kumdanganya mama mmoja hakuwahi kufundishwa.

"Mama. Ni juu ya barabara, upande wa mlima. Kuna mikaratusi mitatu."

Mama Sagesse aliacha kupumua. "Alizikwa?"

"Alizikwa. Walimfunika udongo vizuri."

"Alilia?"

"Hapana, mama. Ilikuwa haraka. Alikuwa amelala ndani ya lori."

Akaitika kwa kichwa, mara nyingi, polepole. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari ya nyumbani, "Viatu alikuwa navyo? Nilimnunulia vyeusi, vya shule, wiki ile. Vilikuwa vinambana. Nilimwambia vitalegea."

"Alikuwa navyo."

"Vilikuwa bado vinambana?"

Ruphin aliinamia viatu vyake mwenyewe. Jeannine, nyuma yake, ndiye aliyejibu. "Vilikuwa vimelegea, mama."

Mama Sagesse akasimama. Akamshika Ruphin kichwa kwa mikono miwili, kama anambariki au kama anampima. "Asante, baba," alisema. Akavuka barabara.

Jumamosi aliweka matanga. Miaka kumi na moja hakuwa ameyaweka, kwa sababu asiyejua alipolala mtoto wake hawezi kutandika mkeka. Sasa alijua. Alipanga sufuria uani, milango minne tu kutoka kwa akina Ruphin, na kanisa zima likaja na mchele, maharage, mafuta, Mchungaji Ignace, kwaya na ngoma. Watu walilia kweli. Kila mtu alikuwa na wake wa kumlilia mle ndani. Ruphin alikuwa kitandani akiuguza mbavu, maana saa nne asubuhi alikuwa ameangushwa mara tatu mbele ya kamera. Jeannine alikuwa anachambua mchele ambao haukuhitaji kuchambuliwa. Nyimbo ziliingia dirishani moja kwa moja, na sauti ya pili ilikuwa inapwaya, maana ya Jeannine haikuwepo.

Héritière alisimama mlangoni kwa muda mrefu akitazama watu wanaoingia uani na sahani.

"Mama," aliuliza, safari hii kwa Kiswahili, "sisi hatuendi?"

"Hatuwezi kwenda."

"Kwa nini? Wanakula."

Jeannine hakuinua macho kutoka kwenye mchele. "Kwa sababu wanamlilia mtu tuliyemla sisi," alisema. "Funga mlango."